Mwaka Mmoja wa Kujifunza, Misimu 64 ya Kutangaza

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, na mpira wa redioni niliujua kwanza kwa mguu wake. Alikuwa na redio ndogo ya betri, mfuniko wa nyuma ulishapotea siku nyingi, betri zimebanwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Redio hiyo ilikaa dirishani juu ya kichwa chake. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, cherehani inakwenda mwendo wake wa siku zote. Winga akipokea, mguu unapunguza kasi. Mpira ukiingia kwenye kumi na nane, pedeli inasimama, sindano inabaki imening'inia juu ya kitambaa, na sisi watoto tuliokuwa tunacheza nje tunajua kuna jambo. Hatukuhitaji kusikia redio yenyewe. Tulisubiri tu kujua kama cherehani itaanza tena taratibu, au mjomba atapiga kofi meza mpaka mkasi uruke.

Uwanjani kwenyewe hakuwahi kufika hata mara moja. Lakini ukimuuliza alivyokuwa anacheza beki fulani, atakueleza mpaka namna anavyovuta soksi.

Nimemkumbuka sana mjomba miezi hii, kwa sababu nimekuwa nikisoma na kusikiliza habari za mtangazaji mmoja wa mbali kabisa, aliyetangaza mchezo ambao mjomba asingeuelewa, kwa lugha ambayo hata mimi siijui zaidi ya salamu. Anaitwa Jaime Jarrín. Alitangaza mechi za besiboli za timu ya Dodgers ya Los Angeles kwa Kihispania kuanzia mwaka 1959 hadi 2022. Misimu 64, timu moja, mji mmoja. Nimewahi kuona watu wakikaa kazini muda mrefu, lakini hesabu hii bado inanishinda.

Kinachonivuta zaidi ni mwanzo wake. Alizaliwa Desemba 1935 huko Cayambe, mji wa milimani nchini Ecuador, na alianza kazi ya redio akiwa na miaka 16. Mwaka 1955 akahamia Los Angeles, kijana asiyefika miaka 20, na kazi yake ya kwanza huko ilikuwa ya kiwandani. Baadaye akaingia KWKW, kituo cha redio cha Kihispania, akawa mtu wa habari na michezo. Ecuador ni nchi ya soka. Besiboli kwake ilikuwa kitu kigeni kabisa, kama ingekuwa kwangu au kwa mjomba.

Basi mwaka 1958 Dodgers wakahama kutoka Brooklyn, upande wa pili wa Marekani, wakaja Los Angeles. KWKW wakapata nafasi ya kutangaza mechi zao kwa Kihispania, na mkuu wa kituo akamtaka Jarrín awe mmoja wa watangazaji. Jarrín akasema hayuko tayari, kwa kuwa mchezo wenyewe haujui. Akapewa mwaka mmoja wa kujifunza.

Mahali hapa nilisimama nikasoma tena. Nimefanya kazi na watu wengi, na mimi mwenyewe nimo, ambao wakiambiwa "shika kipaza sauti" wangekishika kwanza halafu wakajifunza mbele ya watu. Yeye alisema hapana. Msimu huo wa 1958 ukaanzwa na René Cárdenas, mtangazaji kutoka Nicaragua, nchi ambako besiboli inachezwa na kupendwa. Jarrín alikaa pembeni mwaka mzima akisoma na kutazama, na mwaka 1959 ndipo akaanza.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Mrushaji anasimama kwenye kituta katikati, anarusha mpira mgumu unaoenea kiganjani. Mpigaji anausubiri na gongo la mbao. Akiupiga ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, anazunguka beisi zote nne polepole, hakuna wa kumgusa. Wasemao Kihispania wanaita jonrón, na hilo ndilo linalowainua watu vitini. Mechi ina awamu tisa. Kwa sehemu kubwa ya historia yake mchezo huu haukuwa na saa yoyote: unaisha unapoisha, mara nyingi baada ya saa tatu au zaidi. Na timu moja inacheza mechi 162 kwa msimu, kabla hata ya mechi za kuwania ubingwa. Kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba, karibu kila siku kuna mechi.

Sasa mfikirie mtangazaji hapo. Katika soka mpira hausimami, na mtangazaji anakimbia nao. Katika besiboli muda mwingi hakuna kinachotokea. Mrushaji anafuta jasho, anatazama ishara za mwenzake, anatikisa kichwa, anavuta kofia. Halafu mpira mmoja. Halafu tena kimya. Huwezi kupiga kelele kwa saa tatu, siku 162. Ukijaribu, watu watazima redio kufikia wiki ya pili. Inabidi ukae na msikilizaji kama mtu anayekaa barazani na jirani yake: unasimulia alikotoka mrushaji huyu, baba yake alikuwa na kazi gani, upepo wa leo unavuma upande gani, na katikati ya hadithi mpira unarushwa, unausema, kisha unarudi kwenye hadithi yako pale ulipoiachia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Fundi mkuu wa kazi hiyo alikuwa kwenye kibanda cha jirani. Vin Scully alianza kuwatangaza Dodgers kwa Kiingereza mwaka 1950, timu ikiwa bado Brooklyn, akahama nayo, akaendelea mpaka Oktoba 2016, redioni na kwenye televisheni. Misimu 67. Maana yake, kuanzia 1959 hadi 2016, wanaume hawa wawili walitangaza timu ile ile kwa misimu 58, kila mmoja kwa lugha yake.

Na hapa kuna jambo la kazi yao ambalo nilifurahi mno kulijua. Kwa miaka sita ya mwanzo, timu ikienda ugenini, watangazaji wa Kihispania hawakusafiri nayo. Walibaki studio Los Angeles. Jarrín anavaa vifaa vya masikioni, anasikiliza matangazo ya Kiingereza ya Scully kutoka mji wa mbali, na papo hapo anayatangaza upya kwa Kihispania, sauti za mashabiki zikiwekwa nyuma ili msikilizaji ajihisi yuko uwanjani. Hakuwa akitafsiri tu. Mtafsiri anasubiri sentensi iishe. Yeye alilazimika kuona kwa masikio, aujenge uwanja kichwani mwake, aseme anachokiona humo. Kila siku ya ugenini kwa miaka sita alikaa darasani kwa mwalimu bora kuliko wote, akisikia mwalimu anapovuta pumzi, anapoharakisha, anaponyamaza. Jarrín mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba Scully alikuwa mwalimu wake na rafiki yake.

Nimejiuliza mara nyingi Scully alimfundisha nini hasa, na jibu langu ni kunyamaza.

Tarehe 8 Aprili 1974, huko Atlanta, Hank Aaron aliipiga jonrón yake ya 715 na kuipita rekodi ya Babe Ruth iliyokuwa imesimama miongo kadhaa. Aaron alikuwa mtu mweusi, na kabla ya siku hiyo alikuwa amepokea barua nyingi za chuki na vitisho vya kuuawa. Wapinzani siku hiyo walikuwa Dodgers, kwa hiyo Scully alikuwa kazini. Mpira ulipovuka ukuta aliusema, kisha akaacha kipaza sauti akaondoka pale mezani. Redio ikabaki na uwanja peke yake: kelele, fataki, watu. Aliporudi ndipo akasema maneno yake, kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, katika Kusini ya Marekani, kwa kuvunja rekodi ya gwiji wa zamani wa besiboli. Ukisikiliza rekodi ile utaona kwamba maneno yale yana uzito kwa sababu ya kimya kilichoyatangulia.

Mwaka 1955 pia, Brooklyn walipotwaa ubingwa wao wa kwanza, Scully alisema sentensi moja tu, kwamba mabibi na mabwana, Brooklyn Dodgers ni mabingwa wa dunia, akanyamaza. Baadaye alieleza kwamba angeongeza neno lolote angelia.

Watangazaji wengi wa leo wanakiogopa kimya. Bao linaingia na mtangazaji anapiga ukelele, anataja idadi ya mabao ya mfungaji, anataja mdhamini, anamtaja mtangazaji mwenzake, na sauti ya uwanja haisikiki hata kidogo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naipenda kazi hii. Mjomba alipigia meza kofi katika nafasi ile. Mtangazaji wa enzi zile aliiacha wazi.

Mji wenyewe nao ulisaidia. Miaka minne ya kwanza Los Angeles, Dodgers walicheza katika uwanja mkubwa wa Coliseum, uliojengwa kwa michezo mingine, na mechi yao ya kwanza huko, tarehe 18 Aprili 1958, ilitazamwa na watu 78,672. Wengi walikaa mbali mno kuona vizuri, na wengi walikuwa wageni wa mchezo huo wa ngazi ya juu. Wakawa wanakuja na redio ndogo za transista. Uwanja mzima ukawa unamsikiliza Scully huku ukitazama kile anachokisema! Mwaka 1960 aligundua kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akawaambia wasikilizaji kwamba akihesabu mpaka tatu wampigie kelele za kumtakia heri. Akahesabu. Maelfu ya watu wakapaza sauti kwa pamoja, na mwamuzi akabaki kushangaa.

Lakini kuna upande mwingine wa mji huo, na hapo ndipo kazi ya Jarrín inapokuwa kubwa kuliko michezo.

Uwanja wa Dodgers ulijengwa kwenye vilima vya Chavez Ravine. Hapo palikuwa na vitongoji vya familia zenye asili ya Meksiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia hizo zilianza kuondolewa kwa ahadi ya mradi wa nyumba za umma. Mradi ukafutwa, na ardhi ikaishia kwa timu ya besiboli. Mei 1959, familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu, watu wakibebwa kutoka kwenye nyumba zao huku kamera zikiwapiga picha. Uwanja ukafunguliwa Aprili 1962.

Tazama mwaka huo tena: 1959. Ndio msimu wa kwanza wa Jarrín. Mwaka ule ule ambao watu wanaozungumza Kihispania walikuwa wakishushwa kutoka kwenye kile kilima, kijana kutoka Ecuador alianza kuwaeleza kwa Kihispania habari za timu itakayohamia hapo. Ziko familia ambazo hazikusamehe, na sioni kwa nini yeyote awadai msamaha. Wala redio haiwezi kulipa nyumba ya mtu. Ninachokiona ni kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini sauti yake iliingia jikoni, gereji na mashambani jioni baada ya jioni, ikisema kwa utulivu, kwa Kihispania safi ambacho mtu wa Meksiko, wa El Salvador na wa Cuba wote walikielewa, bila kumcheka asiyeujua mchezo. Tangu 1962 hadi 1984 hakukosa mechi hata moja, karibu mechi 4,000, mpaka alipopewa jukumu la kusimamia matangazo ya redio ya Kihispania ya Olimpiki ya Los Angeles.

Kisha ukaja mwaka 1981. Kijana wa miaka 20 aitwaye Fernando Valenzuela, kutoka kijiji kidogo cha Etchohuaquila katika jimbo la Sonora, Meksiko, mnene kidogo, anayetazama mbinguni kila anapotaka kurusha, alipewa mechi ya ufunguzi. Akawanyima wapinzani pointi hata moja. Akashinda mechi zake nane za kwanza mfululizo. Mwisho wa msimu alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi na tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora kwa mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya, na Dodgers walikuwa mabingwa.

Valenzuela hakujua Kiingereza. Waandishi wa kila mji walimzunguka, na aliyesimama kando yake akiwa mkalimani wake alikuwa Jaime Jarrín. Napenda kulitazama tukio hili polepole. Mtu aliyeanza kazi kwa kusikiliza Kiingereza cha Scully na kukigeuza Kihispania, sasa alikuwa anakichukua Kihispania cha mtoto wa kijijini na kukigeuza Kiingereza mbele ya taifa zima. Watu ambao wazazi wao walikula kiapo kutokanyaga kilima kile wakaanza kupanda na watoto wao. Walikuwa wanamfuata Fernando, lakini njia walikuwa wameshaijua kwa masikio.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo niliyomsimulia mke wangu usiku mpaka akaniambia nilale. Mwaka 2003 Valenzuela, aliyekwisha kustaafu kucheza, aliingia kwenye kibanda cha matangazo ya Kihispania. Akaketi karibu na Jarrín. Yule aliyekuwa akizungumziwa na yule aliyekuwa akimsemea wakawa wanatazama mechi pamoja, miaka na miaka. Baadaye Jorge, mwana wa Jarrín, naye akakaa na baba yake kwenye kipaza sauti kwa misimu kadhaa. Mwaka 2019 mkewe, Blanca, alifariki ghafla baada ya ndoa ya miaka 65. Jarrín alikuwa na miaka 83. Alirudi kazini. Anayeijua kazi ya kusema kila jioni, katika nyumba iliyonyamaza, ataelewa kwa nini alirudi.

Tuzo alizipata: mwaka 1998 alipewa ile ya Ford C. Frick, heshima kubwa kuliko zote kwa mtangazaji wa besiboli, ambayo Scully aliipata 1982. Sina mengi ya kusema juu ya tuzo.

Nilichotaka kukisema zaidi ni juu ya maneno. Kihispania kililazimika kuutengenezea mchezo huu makao. Wachezaji wanaokaa mbali, kwenye nyasi za nyuma, Kihispania kinawaita jardineros, yaani watunza bustani. Nilipolijua hilo nilicheka kwa furaha, kwa sababu nasi tumefanya hivyo hivyo. Sisi tulisema mpira umetinga kimiani, na kimia ni wavu wa mvuvi. Tulisema mlinda mlango, kama mtu anayelinda nyumba ya watu usiku. Aliyewatangulia mabeki wa wapinzani tukasema ameotea, kama mwindaji kichakani. Hakuna kamati iliyokaa ikayapitisha maneno hayo yote. Mengi yalikomaa midomoni mwa watangazaji, kwenye vibanda vya joto, mpira ukiwa unakwenda na pumzi ikiwa inakata, na mtu kama mjomba akayaokota dirishani akayatumia mpaka yakawa yake. Mchezo wa kigeni ukapata sura ya nyumbani. Siamini kwamba mjomba aliwahi kufikiri kandanda ni kitu kilicholetwa.

Mtangazaji anayekaa mahali pamoja muda mrefu anapata nafasi ya kufanya kazi hiyo mpaka mwisho. Anayehamahama anabeba maneno yake na kuondoka nayo. Jarrín alikaa mpaka mtoto aliyemsikia akiwa mgongoni mwa mama yake akawa babu.

Agosti 2, 2022, Scully alifariki akiwa na miaka 94. Huo ulikuwa msimu wa mwisho wa Jarrín. Alikuwa ameshatangaza kwamba ataacha. Miaka 58 walikuwa majirani, na mmoja akaondoka duniani huku mwingine akihesabu mechi zake za mwisho. Valenzuela naye alifariki Oktoba 2024.

Jarrín alikuwa na maneno yake ya jonrón, yaliyojulikana mji mzima. Mpira unapopaa anasema "se va, se va, se va", unakwenda, unakwenda, unakwenda, halafu anamwambia msikilizaji auage kwa busu. Nimeyasikiliza mara nyingi mno. Siku moja nilimtumia rafiki yangu anayekijua Kihispania kile kipande, nikamuuliza kama nimeelewa sawasawa. Akanijibu kwamba nimeelewa, ila kuna kitu Kiswahili changu kimekiacha. Kile kitenzi cha mwisho, despídala, kinasemwa kwa mtu mmoja. Na kwa heshima, kama unavyomwambia mkubwa wako. Redio inasikika mji mzima, na yeye anazungumza na mtu mmoja aliyekaa mahali fulani.

Nikajaribu kukiweka upya. Tatizo ni kwamba kitenzi chetu peke yake hakibebi heshima hiyo. Lazima uongeze neno la kumwita mtu: mzee, mama, bwana. Nikajaribu yote, moja baada ya jingine, nikiyasema kwa sauti. Lililokaa vizuri lilikuwa moja tu.

Unakwenda, unakwenda, unakwenda. Uuage kwa busu, mjomba.